Mwanangu ana rafiki asiyeonekana, na mimi nilikuwa na wangu

BARUA

Shikamoo mama mnasihi,

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 34, nina watoto wawili, naishi Tanga na mume wangu na mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa malori ya mizigo, anapakia Dar kwenda Tunduma, wakati mwingine anafika mpaka Lubumbashi, kwa hiyo kuna nyakati tunaonana kwenye simu tu.

Mwanangu mkubwa ni wa kike, ana miaka mitano, yuko darasa la awali. Tangu mwishoni mwa mwaka jana ana rafiki anayeitwa Sudi. Mtaani kwetu hakuna mtoto wa jina hilo, shuleni kwao hakuna, nimeuliza. Sudi anakaa nyuma ya tenki la maji. Hali dagaa, anapenda chai ya maziwa. Asubuhi lazima nimimine chai kidogo kwenye kifuniko cha chupa, nikiweke kando ya kikombe cha mwanangu, la sivyo hanywi. Siku moja tulipanda bajaji kwenda sokoni, akamwambia dereva asiondoke kwanza, Sudi hajapanda. Dereva alicheka, akasubiri. Mimi sikuweza kucheka.

Mwalimu wake anasema hana tatizo, anacheza na wenzake, anajua kuhesabu kuliko wengi. Ila nyumbani akiwa peke yake maongezi yake ni na Sudi. Usiku ananiambia Sudi hapendi taa izimwe. Baba yake akisafiri, Sudi analia.

Mama mkwe ameona yote haya na amekwisha kuamua. Anasema mtoto ana mtu. Kuna mtaalamu Pangani anamwamini, alimtibu dada yake zamani, na anataka tumpeleke mtoto baba yake akirudi safari hii. Ameshaongea na mume wangu kwenye simu. Mume wangu kaniambia, "Mama anajua mambo haya, tumsikilize."

Mama mnasihi, kuna jambo sijamwambia mume wangu wala mtu yeyote wa kwao. Hata mimi nilikuwa na mtu.

Wazazi wangu walipotengana nilikuwa nimeanza shule ya msingi. Nikapelekwa Muheza kwa mama mdogo. Nilikuwa nalala stoo, pamoja na magunia ya mahindi, na msimu wa machungwa stoo nzima inanuka machungwa. Huko ndiko nilikompata Tunu. Tunu alikuwa mkubwa kunizidi, haogopi giza, anajua kusoma kabla yangu. Nikishindwa kulala ananiambia mama yako atakuja Ijumaa. Mama hakuja Ijumaa, lakini nililala.

Mama mdogo akanisikia. Akaitwa mtu. Nilifunikwa shuka nikafukizwa mpaka nikakosa pumzi, huku naulizwa huyu anayekusumbua katoka wapi, anataka nini. Nikasema anataka kwenda kwa mama. Wakasema basi jini hilo ni la upande wa mama. Tangu siku ile sikumtaja Tunu tena, na wao wakasema nimepona.

Sasa tatizo. Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa kumi. Tangu hapo Tunu amerudi. Nikiwa naosha vyombo najikuta nasema, "Tunu, na hili nalo nilifanyeje?" Simsikii kwa masikio akinijibu, ila najua angejibu nini. Naamka saa tisa usiku, silali tena mpaka adhana. Chakula hakina ladha. Mdogo wake binti yangu ana mwaka na nusu, anataka kubebwa, na kuna siku mikono haina nguvu ya kumnyanyua.

Je, hiki ni kitu cha ukoo nimempa mwanangu? Na yeye atakuwa hivi akikua? Nikimweleza mume wangu, si watasema mimi ndiye niliyekileta nyumbani kwao? Na nikikataa safari ya Pangani bila kutoa sababu, nitaonekana namdharau mama. Nisaidie.

Mama wa Mtoto Mwenye Sudi, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama. Naanzia msibani kwa sababu wewe uliutaja kwa sentensi moja, ukapita mbio kwenda kwa Tunu. Nitaurudia.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo mawili ukayafunga pamoja. La kwanza ni mtoto wa miaka mitano anayemmiminia chai rafiki asiyeonekana. La pili ni mama yake, asiyelala, asiyeonja chakula, na anayeogopa kwamba anachokiona kwa mwanawe ni kitu chake mwenyewe kilichorudi kudai. Katikati yao yupo bibi anayempenda mjukuu na ana jina tayari la ugonjwa. Tuyafungue taratibu.

Nianze na Sudi, maana yeye ni mwepesi. Pwani yetu hii mtoto akiongea peke yake, wa kwanza kushukiwa ni jini, wa pili ni jirani. Mara chache tunamshuku mtoto mwenyewe, kwamba huenda ana akili ya kutunga. Wataalamu wa makuzi ya watoto huwaita hawa marafiki wa kubuni, na wamewachunguza kwa miaka mingi. Profesa Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliwafuatilia watoto 100 tangu wakiwa wadogo, na matokeo aliyoyatoa na wenzake mwaka 2004 yalionyesha kwamba hadi kufikia miaka 7, asilimia 65 walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa namna hiyo wakati fulani. Hao ni watoto wa huko, nami siwezi kukuapia kwamba Makorora au Chumbageni hesabu ni hiyohiyo. Lakini jambo linalofanywa na watoto wengi hivyo ni shida kuliita ugonjwa.

Taylor alikuta jambo jingine lililomfurahisha. Ukimhoji mtoto sana juu ya rafiki yake, akiona mtu mzima anauliza kwa dhati na kuandika majibu, mara nyingi humgeukia akamwambia kwa upole, "Lakini unajua hayupo kweli, ee?" Binti yako anajua. Siku ukiwa na utulivu muulize Sudi amevaa nini leo, kisha umsikilize anavyotunga papo hapo. Usimtege. Wala huna haja ya kujifanya unamwona Sudi. Chai ya kwenye kifuniko unaweza kuendelea kuimimina au ukamwambia amimine mwenyewe, yote sawa. Akimwaga, afute yeye, si Sudi.

Ila mwanangu, soma tena barua yako. Sudi hapendi taa izimwe. Sudi analia baba akisafiri. Ni nani hasa analia? Mtoto mdogo hana maneno ya kusema "naogopa" na akaaminiwa, kwa hiyo humpa mwingine ayaseme. Na tazama tarehe zako. Mama yako alifariki mwezi wa kumi. Sudi alikuja mwishoni mwa mwaka. Hukuyaweka mambo haya mawili karibu, uliyaandika mbali kabisa. Binti yako alimpoteza bibi yake mzaa mama, akaona nyumba inajaa watu kisha inabaki tupu, akamwona mama yake anabadilika. Je, kuna aliyekaa naye akamwambia bibi amekwenda wapi? Katika misiba yetu watoto hupelekwa kwa jirani wacheze, wakirudi matanga yameanuliwa na hakuna anayewaeleza kitu. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu. Nauliza tu.

Kwa hiyo, badala ya kupambana na Sudi, mtumie. Akisema Sudi analia, uliza Sudi anafikiri baba yuko wapi sasa hivi. Utashangaa utakayoyasikia. Na hapo hapo nikupe tahadhari, kwa sababu ni wajibu wangu. Zipo dalili ambazo zikitokea ningependa umpeleke mtoto kwa daktari haraka: rafiki akimwamrisha ajidhuru au amdhuru mdogo wake, mtoto akimwogopa rafiki huyo na kushindwa kumfukuza, akiacha kabisa kucheza na watoto wenzake, akipoteza vitu alivyokwisha kuvijua kama maneno au kwenda chooni, au akiwa na nyakati anakodoa macho na haitiki unapomwita. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa kifafa, ambacho nacho huku kwetu kinasingiziwa mengi. Na akikuambia kuna mtu anamshika Sudi au anamuumiza Sudi, usiseme ni mchezo. Keti, sikiliza, usimkemee. Namba 116 ya huduma kwa watoto ni bure na wana watu wa kuongea nawe. Katika uliyoniandikia sioni hata moja kati ya dalili hizi. Naona mtoto anayehesabu vizuri na kucheza na wenzake.

Sasa tuje Muheza.

Umeandika, "wakasema nimepona." Nimelifikiria neno hilo. Kulikuwa na mtoto aliyetenganishwa na mama yake, analala stoo, na akili yake ikamtengenezea dada mkubwa asiyeogopa giza. Tunu alikulaza usingizi. Akakufundisha kungoja. Walipokuuliza chini ya lile shuka anataka nini, ukawapa jibu la kweli kuliko yote ambayo mtoto angeweza kulitoa: anataka kwenda kwa mama. Hakuna aliyelisikia. Sina haja ya kumlaumu mama mdogo wako, alifanya alichokijua na pengine aliogopa kweli. Lakini kilichoisha siku ile kilikuwa ni kumtaja Tunu. Hamu ya mama ilibaki, ila sasa ukawa huna pa kuisemea. Kwa hiyo mama huyo huyo alipofariki, na wewe ni mtu mzima mwenye watoto na mkwe ndani ya nyumba, Tunu akarudi. Mimi sioni ajabu. Ningeshangaa asingerudi.

Unauliza kama kitu hiki huharibu utu uzima wa mtu. Jibu la utafiti halijanyooka kama tungependa, na ni bora ulijue lilivyo. Watu wazima waliokuwa na marafiki wa kubuni utotoni huwa na tabia ya kuzungumza na nafsi zao zaidi kuliko wengine, na baadhi ya tafiti zimewakuta ni wabunifu zaidi. Taylor huyohuyo na wenzake walichapisha mwaka 2010 ufuatiliaji wa vijana waliokulia katika mazingira magumu. Wale waliokuwa na rafiki wa kubuni wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, wakati huo hawakupendwa sana na wenzao darasani. Lakini walipofika mwisho wa sekondari, walikuwa na hali nzuri zaidi kuliko vijana wengine wa mazingira hayohayo. Walikuwa wachache, usiifanye kuwa kanuni. Kwa upande mwingine, watoto wapweke na walioumizwa nao hubuni marafiki, na wakikua na shida za moyo ni rahisi kumsingizia rafiki badala ya kilichowaumiza.

Mchoraji Frida Kahlo wa Mexico aliandika katika shajara yake kwamba akiwa na miaka 6 hivi, umri ambao alipata polio, alikuwa akipumulia kioo cha dirisha, anachora mlango kwa kidole, halafu kwa mawazo yake anatoka kwa mlango ule kwenda kwa rafiki yake aliyekuwa akicheka na kucheza bila kutoa sauti. Maisha yake baadaye yalijaa maumivu. Yalitokana na ajali ya basi ya mwaka 1925 na mengine ya dunia. Yule rafiki aliendelea kumkumbuka kwa furaha.

Juu ya kurithi, sina cha kukutisha. Huenda mwanao amechukua kwako kichwa cha kutunga hadithi, kama watoto wanavyochukua pua. Na huenda pia amekusikia ukiongea jikoni. Watoto wana masikio.

Kwako wewe nina maswali matatu ya kiutu uzima, ujijibu mwenyewe kwa ukweli. Je, unajua kwamba Tunu anatoka kwako, hata unapomuuliza? Umeniandikia kwamba humsikii kwa masikio, na hilo lina uzito mkubwa. Je, amewahi kukuambia jambo la kukudhuru wewe au watoto? Na je, zimekujia fikra kwamba ni afadhali usingekuwepo? Kama hili la mwisho ni ndiyo, hata kidogo, usingoje gazeti. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo.

Kama yote ni hapana, basi mtu anayeongea na nafsi yake huku anaosha vyombo mimi sina neno naye. Wajane wangapi wanaongea na waume zao makaburini na hakuna anayewaita wagonjwa. Kinachonikosesha amani katika barua yako ni saa tisa usiku. Kukosa usingizi miezi yote hii, chakula bila ladha, mikono isiyo na nguvu ya kumbeba mtoto: hizo zinaweza kuwa huzuni ya msiba iliyokosa pa kutokea, au sonona, ambayo ni ugonjwa na una tiba. Kuzitofautisha kwa barua siwezi. Hapo Tanga hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, wana huduma ya afya ya akili. Ukiona aibu kwenda moja kwa moja, anzia kliniki unakompeleka huyo mdogo.

Sasa Pangani. Usimwone mama mkwe kama adui, hata kama ameshaamua. Bibi asiyejali asingegundua hata jina la Sudi. Ukikataa kabisa, unaweza kumlinda mtoto na jambo la kuogofya, lakini ndani ya nyumba ukabaki na ugomvi ambao mume, akiwa barabarani, hatausuluhisha. Na kuna hatari bibi akampeleka siku usiyokuwepo. Ukikubali ukanyamaza, amani itakuwepo, ila unamkabidhi mwanao kwenye jambo ambalo mwili wako unalikumbuka. Kuna njia ya kati, nayo ina gharama zake. Dua, kisomo, hata kombe la zafarani, yaani maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, nyumbani akiwa amepakatwa na bibi yake, vingi ya hivyo havimtishi mtoto, na vinampa mama mkwe nafasi ya kuonyesha mapenzi. Kufukizwa ndani ya shuka, kuchanjwa, kunyweshwa dawa isiyojulikana, kupigwa au kuhojiwa kwa vitisho, hivyo ni vitu vingine kabisa, na mzazi yeyote ana haki ya kuviwekea mpaka bila kumvunjia mtu heshima. Ubaya wa njia hii ni kwamba mtoto anaweza bado kuelewa kuwa Sudi ni kosa, akaanza kumficha. Wewe unaijua njia hiyo inakoelekea. Kama mtaenda, ukae naye ndani, usiachwe nje ya mlango.

Kuna ombi jingine unaloweza kulitoa: "Mama, naomba kwanza tumwone daktari, halafu tuzungumze." Wazee wengi hulikubali hilo kuliko neno hapana, hasa likitoka kwa mtoto wao wa kiume. Ndiyo maana suala la mume haliepukiki.

Umwambie au usimwambie? Ukimwambia, yapo ya kupoteza. Anaweza kumpigia mama yake kabla hujamaliza sentensi, maana umeniambia wanaongea, na neno "ukoo" likaanza kutembea. Usipomwambia, utakuwa unapinga safari bila sababu inayoeleweka, na utaendelea kuibeba peke yako Muheza yote. Mimi ningekuuliza kwanza: huyu mume, ulipomwambia siri nyingine huko nyuma, alizifanyia nini? Wewe ndiye unayemjua. Si lazima pia uanze na Tunu. Unaweza kuanza na stoo, shuka, na moshi. "Nilifanyiwa hivi nikiwa mdogo, nikakosa pumzi, sitaki binti yetu ayapate" ni maneno ambayo baba wa mtoto anaweza kuyasikia bila kuuliza jini la nani. Tunu anaweza kungoja siku nyingine, au asitajwe kabisa. Yasemwe mkiwa mmekaa pamoja, isiwe kwenye simu wakati yuko foleni ya mpakani Tunduma.

Na wifi zako, shangazi, rafiki wa shule, hakuna hata mmoja? Barua yako ina watu wengi lakini sikuona mtu wako mwenyewe, wa kumwambia "leo nimemkumbuka mama." Mtafute hata mmoja. Hata jirani mliyekuwa naye matanga.

Ukienda Bombo, waeleze usingizi kwanza, kisha chakula, kisha msiba. Tunu mtaje ukishamwona daktari anasikiliza. Akiuliza kama unasikia sauti, mjibu kama ulivyonijibu mimi, kwa maneno yaleyale. Halafu niandikie tena, na uniambie baba mtoto alisemaje.